KUBADILI MWAJIRI KABLA YA KUPATA UKAAZI WA KUDUMU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kenyenya



 Katika taarifa ya mwaka mmekwisha kusikia hesabu za matanga, za karo na za wagonjwa. Mimi nimeombwa kusema juu ya jambo lisilokuwamo katika hesabu hizo, ijapokuwa lagusa nyumba nyingi za hapa kwetu. Nalo ni habari ya watoto wetu walio ng'ambo kwa visa ya kazi, wanaongojea kupewa ukaazi wa kudumu, na ambao katikati ya kungoja huko hutaka, au hulazimika, kumwacha mwajiri mmoja na kwenda kwa mwingine.

Twajua sote kwamba Abagusii wengi wamefanya makao katika jimbo la Minnesota huko Marekani, hasa katika mji wa Minneapolis na miji ya jirani kama Brooklyn Park. Simu hulia hapa alfajiri, na kule bado ni jioni ya jana. Mtoto asema, "Baba, mwajiri wangu ananionea, nataka kuhama." Ami mmoja hujibu, "Hama, wewe si mtumwa." Ami mwingine hujibu, "Vumilia, usije ukatuaibisha." Wote wawili wampenda, na wote wawili husema bila kujua. Neno langu la leo ni moja tu: tusimwambie mtoto ahame wala avumilie mpaka tumemwuliza amefika hatua gani. Sheria imemfungulia mlango, lakini mlango huo hufunguka kwa siku zake.

Wazee wetu, jambo hili si geni kabisa. Babu zetu walijua maana ya kazi iliyofungwa kwa karatasi. Tangu mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika katika Kenya aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake, iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kutoka. Aliyeondoka kabla ya kutiliwa sahihi ya kumaliza kazi aliweza kutafutwa na kushtakiwa kwamba ni mtoro. Harry Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyasimamia. Sheria ya kuandikisha watu ya mwaka 1947 ndiyo iliyoanza kukiondoa.

Sisemi kwamba visa ya leo ni kipande. Mtoto wetu amekwenda kwa hiari yake, na aweza kurudi nyumbani apendapo. Lakini somo moja ni lile lile: mtu ambaye ruhusa yake ya kukaa imeandikwa pamoja na jina la mwajiri hawezi kuondoka kazini kama aondokavyo mtu aliye kwao. Hapana budi ajue karatasi yake yasema nini.

Kwanza tuwatenganishe watu, maana si wote waliofungwa namna moja. Aliyeingia Marekani kwa bahati nasibu ya visa alipata ukaazi wa kudumu tangu siku ya kuingia, wala hana mwajiri aliyeshika karatasi yake. Wauguzi wengi nao huingia wakiwa wakaazi wa kudumu kwa ombi la hospitali. Hao hufungwa na mkataba, wala si na visa, na yawapasa kuusoma mkataba huo kabla ya kuuvunja, kwa kuwa huenda una fidia ndani yake. Wale ninaosema habari zao leo ni wenye visa iitwayo H-1B, ambayo hutolewa kwa kazi zinazodai shahada: walimu, wahasibu, wahandisi, wataalamu wa kompyuta na wengine kama hao. Visa hii hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3, kisha huongezwa mpaka miaka 6, nayo imeandikwa kwa jina la mwajiri aliyeiomba.

Mwenye visa hiyo akitaka kadi ya kijani kwa njia ya kazi, kwa kawaida hupita hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya mwajiri. Yeye huitangaza kazi, akaonyesha kwamba hakupatikana mwenyeji afaaye na aliye tayari kuifanya, kisha akaomba cheti cha Wizara ya Kazi. Gharama za cheti hiki ni juu ya mwajiri. Tangu mwaka 2007 kanuni zimemkataza kumtoza mfanyakazi. Siku ombi la cheti lilipopokelewa ndiyo tarehe ya mtoto wetu ya kushika zamu katika foleni.

Hatua ya pili pia ni ya mwajiri. Hupeleka kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji fomu namba I-140, akisema kwamba amtaka mtu huyu awe mfanyakazi wake wa kudumu.

Hatua ya tatu ni ya mfanyakazi mwenyewe. Zamu yake ikifika, hupeleka fomu namba I-485 kuomba ukaazi. Zamu hizo hutangazwa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kungoja kwatokana na hesabu: sheria ya mwaka 1990 iliweka nafasi kama 140,000 kwa mwaka kwa watu wa njia ya kazi pamoja na wake zao, waume zao na watoto wao, nazo hugawanywa kwa mataifa yote ya dunia.

Sasa tutazame kuhama. Mtoto akimwacha mwajiri angali katika hatua ya kwanza, huacha kila kitu nyuma. Cheti kile ni cha kazi ile na mwajiri yule, na mwajiri mpya hana budi kuanza tangu mwanzo, naye mtoto husimama mwisho wa foleni.

Akiondoka baada ya I-140 kukubaliwa, hali ni nyingine. Mwajiri mpya ataanza upya cheti na ombi, lakini mtoto huchukua tarehe yake ya zamu aendako, isipokuwa kama ombi la kwanza lilibatilishwa kwa udanganyifu au kosa kubwa. Isitoshe, kanuni zilizoanza tarehe 17 Januari 2017 zasema kwamba ombi lililokwisha kukubaliwa kwa siku 180 halifutwi kwa sababu tu mwajiri wa zamani amelirudisha. Basi hasira ya bwana wa zamani haitoshi tena kuifuta miaka ya mtu. Tena mwenye ombi lililokubaliwa, ambaye zamu yake haijafika, aweza kuongezewa visa kupita ile miaka 6.

Akiwa katika hatua ya tatu, mlango hufunguka zaidi. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Clinton mwezi wa Oktoba 2000 yasema kwamba ombi la ukaazi likikaa siku 180 bila kukatwa shauri, mfanyakazi aweza kwenda kwa mwajiri mwingine bila kuanza upya, mradi kazi mpya iwe ile ile au ya kufanana nayo, na ombi la I-140 liwe limekubaliwa. Mwajiri mpya hujaza karatasi ya nyongeza ya kuthibitisha kazi hiyo, basi safari huendelea.

Natoa mfano mmoja. Tuseme mwalimu wa hesabu, mtoto wa hapa, ombi lake la ukaazi lilipokelewa tarehe 1 Machi. Mwezi wa Mei shule nyingine yamwita kwa mshahara mkubwa zaidi. Hesabu ya siku 180 hutimia tarehe 28 Agosti. Akiondoka Mei kwa sababu sisi huku twataka fedha za kumalizia nyumba, na mwajiri wa kwanza akalirudisha ombi lake, aweza kupoteza msingi wa yote aliyoyajenga. Akiondoka Septemba, huku ombi la mwajiri limekwisha kukubaliwa, akaenda kufundisha hesabu, yumo ndani ya sheria. Lakini akienda kuendesha lori, hata kama lori lina mshahara mnono, hiyo si kazi ya kufanana. Miezi minne ya subira yaweza kulinda miaka sita ya jasho.

Wala asiache kazi kwa maneno ya ahadi. Anayetegemea H-1B yampasa kungoja mpaka mwajiri mpya amepeleka ombi lake na limepokelewa. Hapo ndipo aweza kuanza kazi mpya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Na ikiwa ameachishwa kazi, kanuni humpa muda usiozidi siku 60, au mpaka mwisho wa ruhusa yake ikiwa ni karibu zaidi, ili apate mwajiri mwingine, aombe hali nyingine, au aondoke. Siku 60 si nyingi, Wazee wangu. Mtu aliye ndani ya siku hizo hapaswi kupigiwa simu ya mchango.

Hapo nafika penye uchungu. Mzee akifariki hapa kwetu, sote twataka mwanawe wa kwanza asimame kaburini. Asipokuja husemwa kwamba ameupotea ukoo, na ya kuwa fedha zimemharibu moyo. Lakini yafaa tujue kwamba mtu aliyepeleka ombi la hatua ya tatu, akatoka Marekani bila kibali cha kusafiri, ombi lake laweza kuhesabiwa kuwa limeachwa. Mwenye H-1B iliyo hai aweza kusafiri na kurudi kwa hiyo. Lakini aliyekwisha kuhama mwajiri kwa kutumia kadi ya kazi ya waombaji, akaiacha H-1B yake, amebakiwa na kibali kile tu. Kijana wa namna hiyo asipofika matangani, huenda analia peke yake chumbani, naye amechagua kuwahifadhia watoto wake zamu yao. Tena mtoto wake akitimiza miaka 21 kabla ya mambo kwisha, aweza kutoka katika ombi la mzazi. Tusimhukumu mtu kabla ya kuuliza.

Wenye watoto Uingereza wasiyachukue haya kama yalivyo, kwa kuwa sheria ya huko ni nyingine. Kule mwajiri mpya hana budi kuwa na leseni ya udhamini na kutoa hati yake, naye mfanyakazi huomba visa upya na kungoja akubaliwe kabla ya kuanza kazi mpya. Miaka ya kuelekea ukaazi iliyozoeleka ilikuwa 5, na kuhama kwa njia ya haki hakukuivunja hesabu hiyo. Lakini mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuirefusha. Marekani nako hakukai vile vile: Septemba 2025 tangazo la Rais liliweka malipo ya dola 100,000 juu ya maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Kwa hiyo aliye ndani asitoke ovyo akidhani ataingia tena kwa urahisi. Na haya niliyoyasema yasichukuliwe badala ya mwanasheria wa uhamiaji. Ni taa ya kuonyesha njia ya kwenda kwake.

Bwana Mwenyekiti, naomba Chama kiyafikirie mambo matatu.

La kwanza, kila mzazi amwulize mtoto wake maswali haya kabla ya kumshauri: Umefika hatua ya ngapi? Ombi la mwajiri limekubaliwa, na tangu lini? Ombi lako mwenyewe lina siku ngapi? Kazi mpya yafanana na ya zamani? Maswali haya yaweza kuandikwa katika karatasi moja na kukaa nyumbani.

La pili, mtoto aombe nakala za karatasi zake zote, na nakala nyingine ziwekwe mahali salama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zamu ya foleni ni mali.

La tatu, mwanachama aliyeachishwa kazi ng'ambo, akiwa ndani ya zile siku 60, ahesabiwe na Chama kama mtu aliyefikwa na msiba. Asidaiwe mchango, bali asaidiwe kulipa mwanasheria, kama mababa zetu walivyokwenda risaga kumlimia jirani ambaye mvua ilimkuta hajalima. Jirani yule hakuulizwa kwa nini amechelewa. Aliletewa majembe kwanza.

Wengine miongoni mwetu waliuza ng'ombe, na wengine walikodisha mashamba ya chai, ili mtoto apande ndege. Gharama hiyo yaweza kupotea kwa wiki moja ya haraka, au kwa neno moja kali la simu la ami asiyejua. Tuwape watoto wetu ruhusa ya kungoja, na siku ya haki ifikapo, tuwape ruhusa ya kuhama.