Mashine ya Mashua Inapopungukiwa Nguvu

  

Somo letu la leo ni habari za mashine ya mashua, ile inayofungwa nyuma ya chombo na kuwashwa kwa kuvuta kamba. Katika Mkoa wa Simiyu ni Wilaya ya Busega tu inayopakana na Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke. Lakini ninyi mlio mbali na ziwa msifunge redio. Pampu ndogo ya petroli ya kumwagilia bustani, hata pikipiki, nazo zina plagi na kabureta. Mengi tutakayosema leo yatawafaa ninyi pia.

Tuseme mvuvi mmoja amenunua mashine iliyokwisha kutumika miaka mingi, yenye silinda mbili. Asubuhi inawaka vizuri. Akiwa karibu na mwalo inakwenda vizuri. Akifika mbali na kuongeza mwendo, inaanza kulegea kama ng'ombe aliyechoka na jembe. Haizimiki, ila haina nguvu. Mvuvi huyu anasema, "Maadamu inawaka, si kitu." Siku moja upepo unavuma jioni, mashua ina watu sita, nyavu na samaki. Mashine inashindwa kuielekeza mashua kwenye mawimbi. Mashua inageuka ubavu, na maji yanaingia. Mnaona, basi, kwamba mashine dhaifu yaweza kuua watu pasipo kuzimika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na majini huenda usipate nafasi ya kuujenga.

Watu wengi mashine ikikosa nguvu hukimbilia kununua. Leo wananunua plagi, kesho kabureta, keshokutwa koili. Fedha zinakwisha na ugonjwa ungalipo. Shika kanuni hii: anza na kisicho na gharama, kisha chenye gharama ndogo, na mwisho kabisa kilicho ndani ya mashine. Tena badili kitu kimoja tu kwa mara moja, ujaribu, ndipo uende kwenye cha pili. Ukibadili vitu vitatu pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Kwanza, sikiliza sauti. Je, mashine inalia kwa kasi sana, lakini mashua haiendi? Basi mashine yenyewe huenda ni nzima. Zima, uinue, utazame pangaboi, yaani kile chenye mbawa kinachozunguka majini. Pengine kamba ya wavu au magugu maji yamejizungusha. Pengine ubawa umevunjika. Katika mashine nyingi, ndani ya pangaboi mna mpira unaoshika mhimili. Mpira huo ukichakaa, mhimili huzunguka na pangaboi hubaki nyuma.

Lakini ikiwa sauti ni nzito na mashine haifikii kasi yake ya zamani, tazama mzigo kwanza. Je, mashua imejaa maji chini ya mbao? Je, watu wameongezeka? Kumbuka pia kwamba Ziwa Victoria liko yapata meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na mashine hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyo nayo kule Dar es Salaam au Tanga. Huo si ugonjwa. Dawa yake ni kupunguza mzigo, au kufunga pangaboi ambalo mbawa zake hazikulala sana, ili mashine ipate kuzunguka kwa wepesi.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana ndiko penye makosa mengi. Juu ya mfuniko wa tangi mna kizibo kidogo cha kupitisha hewa. Mafuta yakitoka, hapana budi hewa iingie mahali pake. Ukikisahau kizibo hicho kimefungwa, mashine itakwenda vizuri dakika chache, kisha italegea. Ukipumzika kidogo, inapata nguvu tena, halafu inalegea tena. Kifungue. Dawa hiyo haina bei.

Kwenye mpira wa mafuta mna kipira cha kukamua kwa mkono. Alama ya mshale iliyo juu yake lazima ielekee kwenye mashine. Kipira hiki ni daktari mzuri. Mashine inapolegea, mwambie mwenzako akikamue, wewe ukishika usukani. Nguvu ikirudi, umejua kwamba mafuta hayafiki ya kutosha. Tazama mpira uliopasuka au kukunjika, viungo vinavyovuta hewa, chujio lililoziba, na mwisho pampu ndogo ya mafuta iliyo kwenye mashine. Nguvu isiporudi, endelea mbele, wala usinunue pampu.

Pima mafuta yenyewe pia. Yatie kidogo katika chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini. Ukiona matone chini ya chupa, mwaga mafuta hayo mbali na moto na mbali na ziwa, usafishe tangi na chujio. Mafuta yaliyokaa miezi mingi nayo huacha utomvu, ukaziba vitundu vya kabureta. Kabureta iliyoziba huoshwa. Si lazima kununua mpya. Vitundu vyake usivichokoe kwa waya, maana ukivipanua hutavirudisha.

Mashine nyingi za zamani huchanganywa oili ndani ya petroli. Fuata kitabu cha mashine yako. Kitabu kikisema sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, basi lita 20 za petroli zahitaji mililita 400 za oili. Kikisema 25 kwa 1, zahitaji mililita 800. Oili ikipungua, pistoni hukwaruzika. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Usikadirie kwa macho. Tumia chupa yenye alama.

Baada ya mafuta, tazama cheche. Mashine yenye silinda mbili yaweza kwenda kwa silinda moja tu, na hapo nguvu hupungua sana. Zima mashine, iache ipoe, ufungue plagi zote mbili na kuzilinganisha. Plagi yenye rangi ya kahawia ni nzuri. Plagi nyeusi iliyolowa yaonyesha kwamba mafuta hayakuungua: ama cheche hakuna, ama mafuta yamezidi, ama choki ya kuwashia haikurudishwa. Plagi nyeupe sana yaonyesha joto la kupita kiasi au mafuta machache. Usiendelee na safari hata ujue sababu. Moja ikiwa kahawia na nyingine imelowa, zibadilishane mahali. Ubaya ukihama pamoja na plagi, nunua plagi. Ubaya ukibaki kwenye silinda ile ile, tazama waya na koili yake. Usijaribu cheche karibu na mafuta yaliyomwagika, wala usishike waya wa plagi mashine ikizunguka.

Tazama pia maji ya kupoza. Mashine ikienda, kitundu kidogo upande wa nyuma hutema uzi wa maji. Uzi huo ukikatika, zima mara moja. Majani, mchanga au mfuko wa plastiki huenda umeziba mlango wa maji chini, au mpira wa pampu ya maji umechakaa. Mashine iliyopata moto hupoteza nguvu kwanza, kisha hukwama kabisa.

Kisha, mashine ikiwa imezimwa, zungusha mkono wa mwendo hadi mwisho, utazame kama mlango wa kabureta unafunguka wote. Waya uliolegea hufungua nusu tu, na mtu hudhani mashine imezeeka.

Ukiisha pita yote hayo na nguvu bado haipo, ndipo umwite fundi apime mgandamizo wa silinda kwa kipimo chake. Silinda moja ikipungua kuliko mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, huenda ringi za pistoni zimekwisha. Mweleze fundi ulichokwisha kukitazama, tena kwa maandishi. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapookoa fedha na maisha. Weka daftari la mashine: tarehe, lita ulizotia, oili uliyochanganya, plagi ulizobadili, na siku nguvu ilipoanza kupungua. Fundi aliyeona daftari hilo hatafungua mashine nzima kwa kubahatisha.

Na mpaka mashine ipone, usiende nayo mbali. Kila safari chukua makasia, nanga yenye kamba ya kutosha, plagi mbili za akiba na spana yake, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Nguvu ikipungua katikati ya upepo, elekeza omo kwenye mawimbi, tupa nanga mbele, watu wakae chini. Ndipo utazame kizibo cha tangi.

Sasa fungueni madaftari, mjibu maswali haya pamoja na mwalimu wenu.

1. Mashine inalia kwa kasi lakini mashua haiendi. Utatazama nini kwanza?
2. Kitabu kinataka sehemu 50 kwa 1. Una lita 10 za petroli. Utatia mililita ngapi za oili?
3. Unakamua kipira na nguvu inarudi. Andika vitu vitatu utakavyotazama.
4. Kwa nini tunabadili kitu kimoja tu kwa mara moja?
5. Chora ukurasa wa daftari la mashine wenye safu tano, ukajaze safari moja.

Asiye na mashua aandike daftari la pampu au la pikipiki.