Sanamu la Askari lina bunduki, halina jina

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa chama, Kata ya Kasoli, Bariadi. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.)

Mwangaluka makamanda. Katibu kanipa dakika ishirini, na najua kuna watu pamba zao bado ziko shambani, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Naanza na hilo neno, makamanda. Tunaitana hivyo kila siku. Nimehudhuria vikao vingi vya chama, sijawahi kusikia mtu anaitwa kuruta. Wote makamanda! Sasa jeshi la makamanda watupu, nani anabeba maji? Nani anabeba sanduku la risasi? Leo nataka tuwaongelee hao waliobeba.

Waliofika Dar es Salaam wanalijua Sanamu la Askari, pale Posta, Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Askari wa shaba, Mwafrika, kashika bunduki yenye singe, kaielekeza upande wa bandari. Kwa wengi wetu ni alama ya njia tu. "Nisubiri pale Askari," basi. Waingereza walilizindua mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918.

Kabla yake, enzi za Mjerumani, mji ule ulikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, mtu aliyewahi kuwa gavana. Na lile nalo lilikuwa na askari mweusi. Unajua walimweka wapi? Chini, miguuni, anamtazama bwana mkubwa aliyesimama juu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaling'oa. Baadaye likaenda kusimamishwa Hamburg, na huko huko Ujerumani wanafunzi wakaliangusha, 1967 na tena 1968. Kwa hiyo ukilinganisha, askari wetu alipanda kutoka miguuni hadi juu ya nguzo. Ni hatua, sibishi.

Lakini siku ukipita pale usikimbilie daladala. Simama usome. Kuna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja askari wa Kiafrika, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanatoa ahadi: ukifa vitani, wanao watalikumbuka jina lako. Aliyeitunga ahadi hiyo ni mwandishi maarufu wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Haya, sasa zunguka sanamu lote utafute hilo jina. Hakuna. Hata moja.

Na haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: waliokufa wakitumikia jeshi la Uingereza katika vita ile, angalau watu 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mzungu alipewa kaburi lake na jina lake. Mwafrika alipewa sanamu moja la wote. Wengi walikuwa wapagazi, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao tumebaki nalo Kariakoo, sokoni, tunanunulia mitumba. Na wasukuma mizigo wa upande wa Mjerumani nao walikuwa ni sisi sisi. Wasukuma na Wanyamwezi walichukuliwa wengi sana, kama askari na kama wapagazi.

Sasa sikilizeni kisa kimoja, hiki ni cha hapo Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Mjerumani waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walijitokeza, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Miaka 46 imepita, karatasi gani inakaa kwenye nyumba ya nyasi? Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu. Yule mtu wa benki aliyekuja na hela akafikiri, akachukua ufagio. Kila mzee akapewa ule ufagio kama bunduki, akapigiwa amri kwa Kijerumani. Wakapiga gwaride. Hakushindwa hata mmoja, wakalipwa.

Kisa hiki nilikisoma usiku, nikamfikiria guku.

Guku wangu, mdogo wake babu, alikuwa mgambo. Mnajua habari ya 1978: majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na Novemba 2 Mwalimu akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia. Jeshi lilikuwa chini ya watu 40,000. Likapanuliwa likapita 150,000, ndani yake mgambo kama 40,000. Hao hawakutoka mbinguni. Walitoka kwenye vijiji kama hivi, watu wa jembe na ng'ombe. Guku hasimulii risasi. Ukimuuliza vita atakusimulia viatu, kwamba alipewa vya mguu mkubwa akavijaza nyasi, na kwamba alibeba makombora ya mizinga begani, kwa miguu, ndani ya Uganda, mvua inanyesha. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Yeye alirudi nyumbani, akakuta ng'ombe wawili wamekufa, akashika jembe.

Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka kwenye ofisi moja, sitaitaja, kuulizia kama kuna chochote kwa watu kama yeye. Kijana mwenzangu mezani akasema, bila hata kuinua uso, "Mzee, lete vielelezo." Guku akaanza kutaja majina ya wenzake wa kikosi, mmoja mmoja, na vijiji vyao. Yule kijana akasema majina siyo kielelezo. Tukapanda baiskeli tukarudi. Hakuna aliyempa guku ufagio.

Nisieleweke vibaya. Nchi hii imefanya kitu ambacho Mwingereza hakufanya. Pale Kaboya, Muleba, askari wetu waliokufa kwenye vita ya Kagera wamezikwa, na kuna mnara wenye majina yao. Majina, makamanda! Na kila Julai 25 tuna Siku ya Mashujaa: mkuki na ngao vinawekwa, shada la maua, dakika ya ukimya. Sitaki kuibeza siku hiyo. Ila waliorudi wakiwa hai wakashika jembe, wapo kwenye mnara gani? Na wengine wakitafutwa leo hata mkoa umebadilika. Mwaka 1978 Simiyu haikuwepo, hapa tulikuwa Shinyanga. Akienda Bariadi ataambiwa aulizie Shinyanga, na huko ataambiwa yeye ni mtu wa Simiyu.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza, hii inahusianaje na chama? Sisi tunadai katiba mpya na tume huru, huyu anatuletea wazee. Ndugu yangu, tunasema kila siku kwamba mwananchi wa kawaida hahesabiwi. Basi tuanze kuhesabu. Mgambo aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anakaribia 70. Mwaka jana tumezika wawili kwenye kitongoji chetu na kwenye msiba hakuna aliyesema walipigana.

Ninachoomba ni kidogo. Nimenunua daftari, lile gumu la kaunta buku. Kila kitongoji kitoe vijana wawili. Mwende kwa wazee, na kwa wajane msiwasahau, muandike: jina kamili, kijiji alichotoka akienda, alifika wapi, alibeba nini, alikuwa na nani. Hilo la mwisho ni muhimu, maana mzee mmoja ni shahidi wa mwenzake. Halafu tuombe mkutano mkuu wa kijiji, majina yasomwe kwa sauti na kuingia kwenye muhtasari, na Julai 25 yasomwe tena.

Na daftari hili siyo la chama. Mzee awe na kadi ya kijani, awe hana kadi, andika. Nikisikia mtu ameulizwa kadi kabla ya jina, daftari nalichukua.

Liko kwa katibu wa tawi kuanzia leo. Ukurasa wa kwanza una majina manne, kayataja guku. La tatu hana uhakika nalo, kama ni Masunga au Masanja. Alikuwa mrefu, alikuwa na pengo la mbele. Wazee mliopo hapa, kama kuna anayemkumbuka, naomba asiondoke kabla hatujaonana.