Kazi ya Lazima Si Harambee

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Tudor, Mombasa)



Tumekuja kuzungumza juu ya kazi ya pamoja. Mbona wazee wengine huguna wakisikia filimbi ya kuitwa kazini? Tusiwaite wavivu. Kwanza tujue walikotoka.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji zaidi ya 800. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na homgadi wakilinda. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Basi mzigo ukawaangukia akina mama: kuchimba mahandaki, kutengeneza barabara, kukata matuta, bila malipo. Shamba lake mama alilipata kwa saa chache tu kabla ya kafyu. Njaa ikaingia, watoto wakafa.

Sisi wa Pwani tusiseme hayo yalikuwa ya bara. Mackinnon Road, kwenye reli ya kuja hapa Mombasa, palikuwa na kambi ya kuzuilia watu. Kisiwani Manda, Lamu, vilevile. Na Hola, kando ya mto Tana, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya lazima.

Tuangalie sana hapo. Jembe ni lile lile, na tuta hulinda udongo kweli. Lakini watu walilichukia, maana hawakuulizwa. Mwaka 1963 Mzee Kenyatta alipoita Harambee, wananchi wakajenga shule kwa mikono hiyo hiyo, maana sasa shule ilikuwa yao.

Kwa hiyo, ndugu viongozi, mkipanga siku ya kazi bila kikao, au mkimtoza faini mama anayeuguza mtoto, mnarudisha filimbi ya zamani. Msaragambo ni wa hiari. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe chetu sote.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Siku ya kazi kwetu huamuliwa na nani?
2. Asiyekuja, huwa tunamtembelea kabla ya kumtoza?
3. Ni mzee gani jirani tungemwomba atusimulie miaka ile?