Ufundi wa Jeshini, Kazi ya Raia

(Muziki wa kipindi unashuka.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Mantapala, Kashikishi na pande zote za ziwa Mweru, leo tuko na fundi anayeishi kati yetu. Zamani, huko Kongo, alitengeneza redio za jeshi. Sasa anatengeneza sola, simu na friji. Kwa usalama wa jamaa zake hatutataja jina lake. Tumsikilize.

FUNDI: 

Leo nasema na watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyekuwa jeshini, na kazi yake ilikuwa redio, betri, jenereta na waya. Wa pili ni jirani yake, aliyekimbia milio ya bunduki. Huyo wa pili akisikia neno "askari," moyo unaruka. Wote wawili wanachota maji kwenye bomba moja, na siku simu ya jirani ikizimika, fundi yuko nyumba ya tatu. Je, ataipeleka? Hilo ndilo swali letu leo.

Nianze na jambo zito, kwa sababu wengi wanalikwepa. Hifadhi ya ukimbizi ni ya raia. Mkataba wa wakimbizi wa Afrika wa mwaka 1969 unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu. Mwaka 2002, nchi zinazosimamia kazi ya UNHCR zilikubaliana hivi: mpiganaji hahesabiwi kuwa mwomba hifadhi mpaka serikali ihakikishe kwamba ameacha uaskari kwa kweli na moja kwa moja. Lakini mke wake na watoto wake ni raia, nao wana haki yao kamili. Na aliyetenda uhalifu wa kivita ana kesi nyingine. Mkataba wa mwaka 1951 haumlindi.

Zambia inalijua jambo hili. Wazee wanakumbuka Desemba 2000, mji wa Pweto ulipoanguka. Raia kwa maelfu walivuka kuja upande huu, na wanajeshi nao walivuka. Wanajeshi walinyang'anywa silaha na kutengwa na raia. Mwaka uliofuata, makazi ya Ukwimi, mkoa wa Mashariki, yalifunguliwa tena kwa ajili ya watu waliokuwa wapiganaji na wameacha vita. Kwa hiyo, ndugu yangu, wewe si wa kwanza. Njia ipo. Lakini njia hiyo inaanzia kwenye ukweli. Ukihojiwa na afisa, sema ulikuwa nani, ulifanya kazi gani, uliacha lini. Hayo husemwa ndani ya chumba cha mahojiano, si sokoni. Uongo ukigunduliwa baadaye, utavunja faili lako na la watoto wako.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Fundi wa redio wa jeshi anajua mengi kuliko anavyofikiri. Anajua kusoma mchoro wa umeme. Anajua kupima kwa mita kabla ya kufungua skrubu yoyote. Anajua kulehemu kwa risasi bila kuunguza bodi. Anajua kutunza betri, kufunga antena na kuwasha jenereta iliyogoma. Anajua kuandika daftari: tarehe, kifaa, ubovu, kilichofanywa. Kazi hizo zote zinahitajika hapa kwenye ziwa. Kuna taa za sola kila nyumba. Kuna friji za samaki Kashikishi. Kuna pampu za maji zinazoendeshwa na jua. Kuna friji za chanjo kliniki, ambazo lazima zikae kati ya digrii 2 na 8, la sivyo dawa ya watoto inaharibika. Kuna minara ya simu. Hospitali kama St Paul's hapa Nchelenge imejaa vyombo vya umeme. Mtu aliyezoea kutafuta ubovu hatua kwa hatua ana mahali katika kazi hizo.

Lakini kuna mambo matatu ya kujifunza upya.

La kwanza ni vifaa. Magari mengi ya jeshi hutumia volti 24. Nyumbani utakutana na volti 12, au 5 za simu. Na jua lina tabia yake. Paneli inayoitwa ya volti 12, juani bila mzigo, hutoa karibu volti 21. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri bila kontrola ya chaji, betri inachemka na kufa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Ikisoma chini ya 12, iko karibu kwisha, na ukizidi kuinyonya unaiua. Watu wengi hapa wanaambiwa "paneli imekufa," kumbe betri ilinyongwa kwa kuachwa tupu kila usiku.

La pili ni namna ya kutengeneza. Kikosini tulitoa kipande kizima, tukaweka kipya, kile kibovu kikapelekwa kwenye karakana kubwa. Hapa hakuna karakana nyuma yako. Kipande kipya labda kiko Mansa, labda Lusaka. Lazima ushuke mpaka kwenye fyuzi moja, waya mmoja, tundu moja la chaji. Usitupe bodi zilizokufa. Bodi ya redio mbovu ni duka lako la vipuri.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: mwenye kitu. Jeshini redio ni ya serikali. Kamanda anasema tengeneza, unatengeneza, hakuna wa kukuuliza bei. Hapa redio ni ya mama aliyeuza mihogo miezi miwili ili ainunue. Hawezi kuamriwa. Anataka kuelezwa, na ana haki.

Hapo ndipo narudi kwenye lile swali la kwanza. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Wewe uliyekuwa askari ni mweupe mara mbili. Ufundi unao mikononi, lakini kuaminiwa huna. Kuaminiwa hakuji kwa maneno, wala kwa kujificha. Kunakuja kwa namna unavyofanya kazi kila siku. Mimi nina kanuni zangu, nawapa bure.

Fungua kifaa mbele ya mwenyewe, mchana, nje ya nyumba. Taja bei kabla ya kuanza. Ukibadilisha kipande, mrudishie kile cha zamani mkononi. Ukishindwa, sema umeshindwa, usidai pesa. Andika kila kitu kwenye daftari, na mteja aone jina lake. Usipekue picha wala meseji kwenye simu ya mtu. Na usimpandishie mteja sauti ile ya kambi ya jeshi, hata akichelewa kulipa. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa, na pesa inapotea kwenye ziwa lote. Mwenye deni wa Januari si mwizi. Mngoje.

Wewe jirani nawe, nakuomba jambo moja. Pima kazi yake. Kama taa inawaka na bei ni ile mliyoahidiana, mpe na ya pili. Mtu mwenye wateja, meza na daftari ana sababu ya kutorudi kwenye bunduki. Uganda ilipopunguza jeshi lake kuanzia mwaka 1992, watu zaidi ya 36,000 walirudi uraiani. Walipewa vitu vya kuanzia maisha, kama mabati na mbegu. Lakini hakuna serikali inayoweza kumgawia mtu majirani. Wanakijiji wenyewe ndio walioamua kama watampokea.

Sasa makaratasi. Cheti cha jeshi mara nyingi hakipo, au ni hatari kukibeba. Usikate tamaa. Zambia ina mamlaka ya elimu ya ufundi, TEVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Ina mtihani wa ufundi unaopima mikono, si shule uliyosoma tu. Kuna chuo cha ufundi Mansa. Uliza huko, au uliza mashirika yanayofundisha kazi hapa kwenye makazi. Kama ulisoma INPP Lubumbashi kabla ya jeshi, tafuta nakala ya cheti hicho. Ukiandika barua ya kazi, taja kazi kwa lugha ya raia: "Nimetengeneza vyombo vya mawasiliano, betri na jenereta, nasoma michoro ya umeme, natunza daftari la matengenezo." Hayo ni kweli. Ukiulizwa ulifanyia wapi, jibu kweli pia.

Kumbuka kwamba Zambia iliweka masharti yake kwenye mkataba wa 1951 kuhusu kazi ya mshahara na kusafiri. Ndiyo maana kutoka kwenye makazi kunahitaji pasi, na kuajiriwa kunahitaji kibali. Kabla ya kukubali kazi ya mjini, pita ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Kukamatwa njiani kunaweza kukupotezea mshahara wote.

Neno la mwisho ni kwa mafundi wa redio hasa. Redio ya kusikiliza itengeneze upendavyo. Redio ya kuita na kujibu, ile ya mkononi au ya masafa mafupi, usiiguse bila kujua mwenyewe ni nani na kama ana leseni ya ZICTA, mamlaka ya mawasiliano. Mtu akikuletea usiku chombo cha namna hiyo na pesa nyingi, anakuita urudi kule ulikotoka. Mrudishie chombo chake kikiwa hakijafunguliwa, na asubuhi ukamweleze afisa wa ulinzi wa wakimbizi.

Wenye taa za sola zilizogoma, zileteni. Kuzipima hatulipishi.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, mwenye swali kuhusu mtihani wa ufundi au pasi ya kutoka aje kwenye meza yetu ya habari. Swali la siri litasikilizwa kwa siri.

(Muziki unapanda.)