HOTUBA YA KARANI JUU YA MASOMO YA JAMII NA YA NYUMBA KATIKA SHULE ZA SEKONDARI

(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya shauri lililoletwa katika mkutano uliopita na kuachwa bila kukatwa. Shauri lenyewe ni hili: kwamba Mfuko wa Karo uwasaidie wale tu waliochagua sayansi, na kwamba mtoto atakayechagua masomo ya jamii au ya nyumba alipiwe na wazazi wake, kwa kuwa masomo hayo, kama alivyosema mzee wetu mmoja, ni ya kupitisha wakati. Sisi tulioshika kalamu ya Chama hatuna haki ya kumpinga mzee kwa kiburi. Twaomba tu kumwonyesha yale tuliyoyaona mezani petu.

Kwanza, tufahamiane juu ya masomo yenyewe. Katika utaratibu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watoto wa sekondari walifundishwa Historia na Serikali, Jiografia, na masomo ya dini, ambamo mna mafundisho ya ndoa na jamaa. Waliopenda walichukua Sayansi ya Nyumbani, yaani matunzo ya nyumba, lishe, mavazi, afya ya mama na mtoto, na hekima ya kununua vitu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mbele yao waliwekewa njia tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya pili ni Sayansi za Jamii, ya tatu ni sanaa na michezo. Wazee wataona ajabu kusikia kwamba Sayansi ya Nyumbani imewekwa katika njia ile ya kwanza, pamoja na kilimo. Basi anayesema, "Tusaidie sayansi, tuache mambo ya jikoni," amelikata tawi alilolikalia.

Pili, tutasimulia jambo ambalo kwetu ni aibu. Lakini taarifa ya mwaka isiyotaja makosa ni nusu ya taarifa. Mwanachama mwenzetu alifariki, akaacha mjane, watoto wanne, na mashine ya kusagia mahindi iliyokuwa ikiwalisha. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, ndugu za marehemu walikuja ofisini na mnunuzi, wakataka tuwaandikie hati ya mauzo. Tukaiandika kwa mwandiko mzuri, tukaipiga na muhuri wa Chama, tukidhani kwamba twaisaidia jamaa. Mjane hakuulizwa.

Siku ya tatu alikuja binti mkubwa wa marehemu, mwanafunzi wa Kidato cha 3, akiwa amevaa sare yake ya shule. Alitusalimu kwa adabu, kisha akasema, "Bwana Karani, ni nani aliyewapa ruhusa ya kuiuza mashine ya baba?"

Tukamjibu, "Baba zako wadogo."

Akauliza, "Na wao walipewa na nani?"

Tukakosa jibu. Mwalimu wake wa Historia na Serikali alikuwa amewafundisha jinsi sheria inavyotungwa na kazi ya mahakama, na kwa msaada wa mwalimu huyo binti alikuwa ameisoma Sheria ya Urithi. Nasi tukaisoma, tena tukiwa tumechelewa. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 45 chamkataza mtu yeyote kushika au kuuza mali ya marehemu pasipo idhini ya sheria. Mwenye kukosa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Tena, mahakama inapomteua msimamizi wa mali ya aliyekufa bila wasia, humtazama kwanza mume au mke aliyebaki. Ndugu zetu Waislamu hugawa mirathi kwa sheria ya dini yao, na sheria yenyewe yalitambua hilo.

Hati ile tuliifuta mbele ya Halmashauri. Mnunuzi alirudishiwa fedha zake; na sehemu iliyokuwa imekwisha kuliwa tuliilipa sisi makarani, kwa muda wa miezi mitano. Mjane alikwenda mahakamani kwa njia iliyo halali, na mashine ingali yasaga. Hayo yote yalitokana na swali la mtoto aliyesoma yale tunayoyaita masomo ya kupitisha wakati. Karo ya mtoto huyo, Wanachama, ililipwa na Mfuko huu huu.

Tatu, kuna wasemao kwamba mambo ya jamaa hayahitaji mwalimu, kwa maana bibi huyafundisha motoni. Neno hilo lina ukweli, nasi hatulidharau. Lakini motoni pa leo wamekaa wangapi? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296 katika Kenya, na kwa wastani nyumba moja ilikuwa na watu 3.9. Watoto wengi wa mjini wanalelewa katika chumba kimoja, baba yuko kazini, mama yuko sokoni, na bibi yuko mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mafundisho ya bibi yasipomfikia mtoto, atayapata wapi, isipokuwa shuleni?

Wala mafundisho hayo si ya wasichana peke yao. Katika shule ya Jeanes pale Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925, walimu walikuja na wake zao, na mke naye alifundishwa, kwa kuwa ilijulikana kwamba nyumba haijengwi na mtu mmoja. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kijana atautimizaje wajibu asioufahamu? Mvulana aliyefundishwa kwamba mtoto mchanga anywe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza hatagombana na mkewe juu ya uji.

Nne, elimu ya jamii si kitu kigeni kwetu. Mzee Jomo Kenyatta alisoma elimu ya jamii na mila huko London kwa mwalimu Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake juu ya Wagikuyu, akieleza ukoo, ardhi na ndoa zao. Wageni walikuwa wakituandika. Yeye alisimama akaandika habari za watu wake mwenyewe. Wako wapi vijana wetu watakaoandika hekima ya wazee walioketi hapa leo? Mzee akifa pasipo kuulizwa, ghala limeteketea na mbegu zake.

Hatusemi kwamba sayansi iachwe. Twahitaji waganga na mafundi, na njaa ya kazi twaijua. Twasema tu kwamba fundi naye atakuwa na mke, watoto, na siku ya kufa.

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba mkubali mambo matatu. La kwanza, Mfuko wa Karo utazame bidii na umaskini wa mtoto, wala usitazame njia aliyoichagua. La pili, wazazi wasiwazuie wavulana kusoma Sayansi ya Nyumbani. La tatu, kwa kuwa mtaala mpya unamtaka kila mwanafunzi ajifunze kuihudumia jamii, wazee wakubali kuwapokea vijana siku moja katika mwezi, wawaeleze habari za ukoo, ardhi, na upatanisho, nao vijana waandike.

Sisi makarani tumekwisha kujifunza kwa gharama. Tangu siku ile hatupigi muhuri wa Chama kabla ya kuuliza swali la yule binti: na wao walipewa na nani?

Tumesema yaliyo yetu. Kukata shauri ni kwenu.