Nusukaputi Isiguswe: Daktari Kijana na Lugha ya Wodi katika Riwaya ya Taharuki
(Mada kwa warsha ya waandishi na wahariri wa bunilizi)



Waandaaji wameniomba nianze na fasili. Riwaya ya taharuki ya kitabibu ni hadithi ya hatari au uhalifu ambao ufunguo wake umo katika maarifa ya tiba. Mhusika wake mkuu mara nyingi ni daktari kijana mwenye deni la usingizi. Hayo mnayajua. Mnajua pia kwamba Michael Crichton alitoa A Case of Need mwaka 1968 kwa jina la bandia, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na kwamba Coma ya Robin Cook, ya 1977, aliigeuza filamu Crichton huyohuyo mwaka uliofuata.

Kinachosahaulika ni kitabu cha kwanza cha Cook, The Year of the Intern, cha 1972. Humo hamna njama wala muuaji. Kuna intani huko Hawaii, zamu zisizokwisha, na kijana anayekauka moyo kidogo kidogo. Hakikuvuma. Ndipo Cook akaja na Coma: hospitali ya Boston, watu wanaingia kwa upasuaji mdogo na hawaamki. Nionavyo, uchovu wa daktari unasomeka vizuri sana, ila unataka mgonjwa mmoja asiyeamka.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Katika miswada ninayohariri, daktari kijana huongea kama bango la ukutani. Anapoteza mtoto saa tisa usiku, kisha anatamka, "Mgonjwa amefariki dunia kutokana na upungufu mkubwa wa damu." Nani husema hivyo usiku huo? Intani niwajuao hutoka nje ya wodi, hawajui mikono waiweke wapi, humwomba sista maji.

Chukueni neno nusukaputi. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ili apasuliwe ni nusu mfu, na kaputi yenyewe ni ya Mjerumani. Coma nzima imo ndani ya neno hilo. Lakini mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, alilifuta katika mswada niliousimamia akaweka "dawa ya ganzi". Ganzi ni ya jino: unapigwa sindano, unabaki macho, unasikia koleo likigonga. Nililirudisha. Likafutwa. Nikalirudisha tena. Kitabu kikatoka na ganzi, na mhusika aliyepigwa ganzi "hakuzinduka tena". Wasomaji walicheka, na siwalaumu.

Mfano wa pili. Sumu katika Coma ni kaboni monoksidi, iliyopenyezwa kwenye bomba la oksijeni la chumba cha upasuaji namba 8. Hewa hiyo huiacha damu nyekundu ya kung'aa, hivyo mtaalamu wa nusukaputi haoni weusi wa midomo unaomshtua siku nyingine. Mwandishi wetu angetoa kurasa mbili za kemia hapo. Za nini? Msomaji wake anaijua hewa hiyo: ndiyo inayoua waliolala na jiko la mkaa, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Makete. Liwekeni jiko hilo katika chumba cha intani sura ya pili, na sura ya ishirini haitahitaji maelezo.

Nisieleweke vibaya. Nayaheshimu mabaraza ya lugha, na istilahi zao zina kazi kubwa darasani. Katika wodi ya riwaya, saa tisa usiku, hazina.

Napendekeza, kwa heshima, mwandishi akeshe wodini angalau usiku mmoja kwa ruhusa ya hospitali, asiandike jina la mgonjwa yeyote. Mswada usomwe na nesi kabla ya mtaalamu wa isimu. Kamati za tuzo ziwe na msomaji mmoja wa fani ya afya. Vyuo vya udaktari viwape wanafunzi saa chache za kuandika, maana Crichton alianzia hukohuko. Wahariri wasibadili neno la wodi bila kumuuliza mtu wa wodi. Nusukaputi isiguswe. Kemia ipungue, jiko la mkaa liongezeke. Nusukaputi, narudia, isiguswe. Na yule mchapishaji, akifikiria toleo la pili, nakala yenye masahihisho yangu bado iko mezani kwangu.