MTOTO ANAYEFICHWA NDANI NAYE ANA HAKI YA DAWATI

Ndugu zangu vijana wa Mpanda,

Kijiweni tunajua matokeo yote ya Simba na Yanga. Lakini nani anajua ni watoto wangapi wa mtaa wake wanaofungiwa ndani kwa kuwa ni viziwi, hawaoni au akili zao zinachelewa?

Sheria ipo. Ile ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa watoto hao haki ya kusoma kama wenzao. Mwaka 2012 tukapata mkoa wetu wa Katavi, tukashangilia. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Sawa, lakini kufuta ada hakumpi kiziwi mwalimu wa lugha ya alama! Mlalahoi akiwaza shule ya viziwi, anawaza treni ya kwenda Tabora, ilikojengwa mwaka 1963.

Tusiwangoje vigogo. Kila mtaa uunde kundi la ushauri: wazazi wa watoto hao, mwalimu, mtu mzima mwenye ulemavu na kijana mmoja wa kijiweni. Kwanza, lihesabu watoto nyumba kwa nyumba, bila kumsuta mama yeyote. Pili, lipeleke hesabu hiyo mkutano wa mtaa, iandikwe kwenye muhtasari. Tatu, liulize halmashauri imewatengea shilingi ngapi.

Wakisema hakuna fungu, tuwaulize la mafuta ya mashangingi hutoka wapi. Kiongozi huzoea kilio. Hesabu iliyoandikwa humnyima usingizi.

Haya, nani anaanza na mtaa wake?